Nguvu Iko Base: Dini ya Star Wars Ikipimwa na Shinyalu

Kwa Star Wars ya 1983, ile inaitwa Return of the Jedi, kuna jamaa wa sayari ya mbali, mashavu zimening'inia, macho nyeusi tii, jina Nien Nunb. Siku ya vita ya mwisho ndiye anakaa mbele na Lando Calrissian kwa ile ndege ya Millennium Falcon. Akifungua mdomo, Mzungu anaskia kelele za huko juu angani. Mkenya anaskia Kikuyu. Manze si jaba. Hiyo sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya mwenye alikuwa anasoma Marekani enzi hizo, na 2015 wakamwita tena kwa The Force Awakens. Kwa muvi hiyo hiyo, Lupita Nyong'o anatokea kama Maz Kanata, shosho wa zaidi ya miaka elfu moja, miwani kubwa kwa uso, mwenye klabu ndani ya kasri lake. Maz si Jedi, wale mashujaa wa panga ya taa. Lakini Nguvu, chenye kwa muvi kinaitwa the Force, anaijua, na anaiongelea venye mashosho wetu huongelea Nyasaye: bila kelele, bila kujishuku.

Kwa hivyo msee akikuambia hizi ni story za wazungu pekee, mwambie apunguze mwendo.

Form ya leo ndio hiyo. Kuna watu walicheki hizo muvi, wakarudi keja, wakakaa na hiyo story kwa kichwa hadi ikawa dini. Sibongi juu ya wale wa kudunga tisheti na kununua panga ya taa. Nabonga juu ya wasee wenye ukiwauliza dini yao wanakuambia Jedi, na hawacheki. Pale stage ya nduthi Shinyalu, huku Kakamega, nilitupa hiyo story na base ikagawanyika hapo hapo. Wengi walicheka. Mmoja akasema hayo ni mambo ya shetani. Mwingine, mwenye alikuwa ametulia tu anapanguza kioo cha pikipiki, akauliza swali moja: "Hao wako na sadaka?"

Buda, hilo ndilo swali. Tutalifikia.

Venye ilianza

George Lucas alitoa Star Wars ya kwanza 1977. Hakuwa anatafuta waumini, alikuwa anatafuta watoi wajaze sinema. Lakini hakuokota hiyo story hewani. Alichukua kidogo kwa Mabudha, kidogo kwa Watao wa Uchina, akachota luku ya samurai kwa muvi za Mjapani Akira Kurosawa, alafu akamsoma Joseph Campbell, yule prof wa Marekani mwenye alishikilia kuwa hekaya za dunia yote ziko na mifupa moja. 1999, akipiga story na mwanahabari Bill Moyers, Lucas alieleza kuwa aliweka Nguvu kwa muvi ndio vijana waanze kujiuliza mambo ya roho na ya Mungu, bila kuwasukuma kwa dini yoyote fulani.

Vijana wakajiuliza, na wakapitisha. 2001 ulikuwa mwaka wa sensa Uingereza, Australia, New Zealand na Canada. Barua pepe ikaanza kuzunguka: eti wasee wa kutosha wakiandika "Jedi" pale kwa dini, serikali italazimika kuitambua. Hiyo ilikuwa fiksi safi, hakuna sheria kama hiyo. Lakini watu waliandika. Uingereza na Wales walihesabiwa 390,127, wakapita Masingasinga, wakapita Wayahudi, wakapita Mabudha. Australia walikuwa zaidi ya 70,000. New Zealand zaidi ya 53,000, na hiyo ni nchi ndogo.

Ukweli usemwe, wengi walikuwa wanacheza. Sensa ya 2011 Uingereza na Wales ikawapata 176,632. Ya 2021 ikawapata karibu 1,600. Mbogi ya utani ilihepa. Wenye wanatuhusu ni wale walibaki, juu hao ndio walikaa chini wakaandika chenye wanaamini.

Huko Texas, 2005, kikundi kinaitwa Temple of the Jedi Order kilisajiliwa. Huko Holyhead, Wales, 2007, kijana anaitwa Daniel Jones akaanzisha Church of Jediism na brathe yake. Huyu Jones ndiye alitoka kwa magazeti 2009: aliingia supermarket ya Tesco mjini Bangor akiwa amefunika kichwa na hud, wakamwambia aishushe, akasema wamemkosea dini. Tesco wakamjibu kimchezo kuwa Jedi wa muvi kama Yoda, Obi-Wan na Luke Skywalker wote walionekana bila hud na hakuna mwenye alienda upande wa giza. Cheka tu, lakini hilo swali ni letu pia. Kwa mlango wa shule na wa ofisi, nani ana haki ya kukuambia vua hicho kitu cha dini yako?

Wanaamini nini

Jedi hawana Biblia moja, na kila kikundi kiko na yake. Nikisema "wanaamini" nachukua zaidi maandishi ya wale wa Temple of the Jedi Order, juu ndio wamepanga mambo yao fiti: nguzo tatu, mafundisho 16, na maadili 21 ya mtu kujichunga nayo. Nguzo tatu ni kutuliza akili, kutafuta maarifa, na kuyatumia kwa hekima. Ukichuja yote, unabaki na vitu kama sita.

Ya kwanza ni Nguvu yenyewe. Kuna kitu kimoja kinapita ndani ya kila chenye kiko hai na kinakishikanisha na kingine. Wengine wao wanakiita Mungu, wengine wanasema ni uhai tu wa dunia, na hakuna mwenye anafukuzwa kwa kuchagua. Msee wa Shinyalu hapa hashtuki. Panda nduthi ushuke hadi Isecheno, uingie msitu wa Kakamega alfajiri, wakati kolobasi wanaanza kelele zao juu ya miti. Huo msitu ni kipande cha ile misitu mikubwa ya Kongo kilichobaki huku mashariki. Mti ukianguka, kuvu inaula, mchwa anakula kuvu, ndege anakula mchwa. Wazee wetu walikuwa wanajua gome gani ni la tumbo, mzizi gani ni wa nguvu za mwili, na mukombero bado unauzwa kwa barabara hadi leo. Kwamba vitu vyote vimeshikana, hiyo huku haihitaji mtu wa Hollywood aje akufunze.

Ya pili, giza huanzia ndani yako. Kwa hizo muvi, Anakin Skywalker hakuamka siku moja akawa Darth Vader. Alianza na woga wa kupoteza mathe yake, alafu bibi. Woga ukazaa hasira, hasira ikampeleka mbali. Hawa wa dini wanachukua hapo funzo moja: jikague kila siku. Jiulize nini inakuendesha. Kijana wa mtaa anajua giza bila panga ya taa. Ni ile saa saba usiku uko kwa simu unabet mkopo wa simu ndio ulipe mkopo mwingine wa simu. Unaita hiyo bahati mbaya, lakini mwanzo wake ulikuwa woga tu, woga wa kubaki nyuma wakati maagemate wako wanajenga.

Ya tatu, kutulia. Jedi anatakiwa akae chini kimya, apumue, aache akili ishuke. Hiyo waliitoa kwa Mabudha na hawafichi. Huhitaji mshumaa wala mkeka ghali. Unahitaji tu kuzima simu, na hapo ndio wengi wetu hushindwa.

Ya nne, Jedi ni chombo cha amani. Wale wa Texas wako na kiapo chao cha imani, na ukikisoma na wewe ni Mkatoliki wa Mukumu utakaa kitako. Utasema, hii si sala ya Mtakatifu Fransisko? Ndio yenyewe. Wameichukua ile sala yenye watu humwekelea Fransisko wa Asizi, wakaibadilisha kidogo, wakaweka neno Jedi. Kwa hivyo katikati ya hiyo dini ya muvi kuna sala ya kanisa.

Ya tano ni utu wa mtu. Hapa ndio walinishangaza, juu nilidhani nitapata mapanga tu. Wameandika kuwa wanapinga mateso na adhabu ya kifo, wanapinga ubaguzi, na wanataka sheria zijengwe kwa akili na huruma, si kwa woga. Wanataka pia serikali isishikane na dini yoyote. Hiyo ya kifo si story ya mbali. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu ya kifo bado iko kwa vitabu. 2017, kwa kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema jaji asilazimishwe kuitoa kwa kila kesi ya mauaji. Jedi wa Texas na wakili wa haki za binadamu wa Milimani wangeelewana hapo.

Ya sita ndio inafanya hii dini ikuwe tofauti na dini nyingi: wanajua story yao ni ya kutungwa. Hakuna mwenye anasali kwa Luke Skywalker. Hakuna mwenye anadai Lucas ni nabii. Wanasema hivi: hekaya ni hekaya, lakini chenye inafunza kinaweza kuwa cha ukweli. Kwa kozi yao ya kuingia wanasomeshwa Joseph Campbell na Alan Watts, na unaenda na mwalimu wako pole pole hadi uitwe Knight. Kuoa unaoa, usidanganywe na muvi zenye Jedi amekatazwa ndoa.

Si hao pekee

Jedi hawakuwa wa kwanza. 1961 Robert Heinlein aliandika riwaya, Stranger in a Strange Land, ya jamaa mwenye alilelewa na watu wa Mars akaja duniani. 1962 wanafunzi wawili wa chuo cha Westminster huko Missouri, Tim Zell na Lance Christie, wakagawana maji ya kunywa venye kitabu kilisema, wakawa ndugu wa maji, na hapo ikaanza Church of All Worlds. 2005 Bobby Henderson akaandikia bodi ya elimu ya Kansas barua: mkifundisha watoi kuwa dunia iliumbwa, fundisheni pia kuwa iliumbwa na Mungu wa tambi anayepaa. Huyo alikuwa anacheka serikali, lakini leo kuna watu wanapigwa picha za leseni wakiwa na chujio kwa kichwa. Na kuna Octavia Butler, dada Mmarekani mweusi, mwenye kwa Parable of the Sower ya 1993 alimpa msichana mmoja dini inaitwa Earthseed. Katikati ya hiyo dini ni kwamba Mungu ni mabadiliko. Wasomaji wengine waliibeba hiyo imani wakatoka nayo nje ya kitabu.

Shinyalu si wageni kwa dini mpya

Sasa kuna msee anasema haya ni ya watu wenye wamekosa kazi. Poa. Lakini cheki historia ya hapa kwanza.

1902, Wamarekani watatu wa Quaker walifika Kaimosi, na wazee wetu waliwaona watu wa ajabu. 1906, mapadri wa Mill Hill wakaweka misheni Mukumu, hapo tu kwa barabara ya Kisumu. 1927, huko huko Kaimosi, Roho ikashukia watu. Wakaanza kulia, kutetemeka, kunena, kuungama dhambi mbele ya wote. Wamisheni wakaona hii imezidi, na mwisho wenye Roho wakatolewa nje. Leo waumini wa Roho unawapata kila upande, kanzu nyeupe, msalaba mwekundu kwa nguo. 1942 Zakayo Kivuli akaanzisha African Israel Church Nineveh huko Jebrok, na hao nao wako na kanzu, vilemba, ngoma na maandamano ya barabarani. Hakuna kati ya hizi ilianza ikiwa na heshima. Zote ziliitwa wazimu kwanza.

Kwa hivyo ukiniambia Jedi ni wazimu juu ya kanzu ya hud, nitakuambia Jumapili asubuhi simama barabara ya Khayega uhesabu kanzu.

Lakini kuna tofauti, na lazima niitaje. Kivuli na watu wa Roho walisema haya yametokea kweli, tumeona, tumesikia. Jedi anasema haya hayajatokea, lakini yananifaa. Wengi husema hapo ndio udhaifu wake. Mimi naona iko na faida moja kubwa. Mtu mwenye ameanza kwa kukubali kuwa story yake imetungwa, ni ngumu kukukataza kuuliza swali. 2023 huko Shakahola, Kilifi, zaidi ya miili 400 ya waumini ilitolewa kwa makaburi msituni. Wale watu hawakufuata muvi. Walifuata mtu mwenye Biblia kwa mkono. Kitabu hakikuwa na makosa hapo. Nikipima dini yoyote sasa, siangalii kwanza kama mwanzo wake ni riwaya ama maono. Naangalia kama muumini anaweza kusimama katikati ya ibada aseme "hapa sijaelewa" na arudi home salama.

Gava inasemaje

Kwa karatasi, Kenya iko rada. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya serikali. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Hakisemi imani lazima iwe ya zamani. 2019 Mahakama Kuu Nairobi ilisema Urasta ni dini, na shule ikaambiwa imrudishe msichana mwenye alikuwa ametolewa juu ya rasta zake. Urasta ni wa miaka ya 1930, huko Jamaica. Hauna hata miaka mia.

Kwa vitendo, gava hukunja uso. Watu wa Atheists in Kenya walipata cheti Februari 2016 baada ya kukataliwa kwanza, na mwaka huo huo Mwanasheria Mkuu akakisimamisha. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 wenye walisema hawana dini, na karibu 467,000 wenye waliwekwa kwa "dini nyingine". Hiyo si watu kidogo. Ni kaunti nzima ya watu wenye hawaingii kwa visanduku vya kawaida.

Huko nje pia hawaelewani. Marekani waliwapa wale wa Texas msamaha wa kodi 2015. Uingereza, Desemba 2016, Charity Commission ikawakatalia usajili wa shirika la hisani. Walisema hii haijashikana vya kutosha kuitwa dini, kila mtu anaweza kuamini yake, na haijaonyesha venye inajenga maadili ya umma. Mathe wa Ushirika wa Akina Mama angeweza kuandika hiyo hukumu kwa sentensi moja: mko wapi tukiwa na shida?

Mtihani wa matanga

Hapo ndio Shinyalu inaingia na kipimo chake, na ni kipimo kikali kuliko cha London.

Hapa dini haijulikani kwa chenye unaamini. Inajulikana kwa matanga. Mtu akienda, usiku huo huo hema inasimamishwa. Mama wa kanisa wanakuja na sufuria, na maji ya chai yanachemka kabla jua litoke. Vijana wanachimba kaburi bila kuulizwa. Kama ni mzee wa heshima, mafahali wanapelekwa bomani na isukuti inalia, ngoma tatu, ya baba, ya mama na ya mtoi, na pembe juu yake. UNESCO waliweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwa orodha ya 2014 ya mila zenye ziko kwa hatari ya kupotea, juu wachezaji wanazeeka na vijana wako kwa simu. Mafahali kupigana si mchezo wa Jumamosi pekee. Ndiyo njia ya kusema huyu alikuwa mtu na alikuwa na watu.

Sasa weka Jedi hapo. Wale wa Texas wako na makasisi, na wanaweza kuoanisha na kuzika. Lakini kasisi wako ako wapi? Ako kwa skrini. Mwenzako wa imani ako Ohio, analala wakati wewe umeamka. Mathe akiaga, atakutumia ujumbe mzuri sana, wenye hekima, na atamaanisha. Lakini jembe halishikwi kwa ujumbe. Hapo ndio nikaelewa wale hawakuwa wa utani lakini bado walihepa, idadi ikitoka 390,127 hadi karibu 1,600. Labda hawakuacha kuamini. Hawakuwa wamewahi kuwa na mtu wa kuwaita jina asipowaona wiki mbili.

Na hapo ndio jibu la yule jamaa wa stage. Hapana, Jedi hawana kikapu cha sadaka kinachozunguka kila Jumapili, na hakuna pasta mwenye atakuambia panda mbegu ya ngiri kumi upate ndae. Hiyo ni afadhali. Lakini sadaka ya hapa haikuwa doo pekee. Sadaka ilikuwa kuku wa shosho kwa harambee ya karo, ilikuwa siku nzima kwa shamba la mjane. Dini yenye haikuitishi chochote pia haikupi mtu wa kukubebea jeneza.

Chukua hii, wacha hii

Kwa hivyo wewe mresh ama morio mwenye umecheki muvi zote na unashangaa kama ubadilishe dini, rieng yangu ni hii.

Chukua kujikagua. Kila jioni kabla ulale, uliza nini imekuendesha leo, woga ama akili. Kama ilikuwa woga, usifanye uamuzi wowote wa doo usiku huo. Utaokoa mkwanja mwingi kuliko mahubiri yoyote ya utajiri.

Chukua kimya. Uko na bahati wenye wako Pipeline, Nairobi, hawana. Lirhanda iko hapo, panda kilima jua likitoka, uone msitu wote chini yako. Usiingie lile pango la zamani la kutafuta dhahabu bila mtu mwenye analijua, popo ni wengi na giza ni la ukweli. Kaa juu, zima simu, pumua. Hakuna pasta wala Jedi mwenye ameweka hati miliki kwa kupumua.

Chukua mwalimu mmoja. Jedi hujifunza kwa mtu, si kwa video mia mbili. Kama ni fundi wa pikipiki, ni mama wa salon, ni mzee mwenye anajua kutengeneza ngozi ya isukuti, mshike huyo na ukae hadi akuambie sasa unaweza peke yako. Isukuti itapona hivyo, haitapona kwa klipu.

Chukua haki ya kuuliza. Kanisa lako likikuzima ukiuliza swali, hiyo ni sababu ya kutafuta kanisa lingine, hata kama kwaya yao ni moto.

Wacha mambo ya kujiona umepanda juu kuliko watu wa base kwa sababu umesoma kitu cha majuu. Huko kwa Temple yenyewe unyenyekevu ni mojawapo ya yale maadili 21. Na wacha kuhama watu wako. Unaweza kuamini Nguvu na bado ubebe hema ya matanga ya Quaker, ya Mkatoliki na ya mtu wa Roho, wote kwa wiki moja. Hakuna mwenye atakuuliza imani yako ukiwa umeshika kamba ya hema. Watakuuliza kama umekunywa chai.

Sensa ingine ya Kenya inatarajiwa 2029. Karani atagonga mlango, atauliza dini. Ukitaka kuandika Jedi, andika, katiba iko na wewe. Lakini kabla uandike, hesabu watu kumi wenye wangekuja usiku kama umepiga simu ukilia, na wewe ungeenda kwao. Kama unawapata, andika chochote unataka. Kama huwapati, anza na hiyo kwanza, dini itakuja baadaye.